Mgonjwa Aliyekatazwa Jua

Tromsø, Disemba kumi na sita, saa sita adhuhuri:
nje, anga ni wino uliozimuliwa maji.
Ragnvald Eilertsen, miaka arobaini mchomelea meli,
ananyosha mkono. Mshipa umejificha.
Máret wa zamu anaupapasa, anaunong'oneza Kisami
mpaka unajitokeza wenyewe, kwa haya.
Dawa inaingia, nyekundu ya kukolea, kama maji ya rosela.

"Inaua lini?" anauliza.
Haiui, namwambia. Inasubiri.
Itabisha hodi kwa seli moja moja.
Seli njema zitaikaribisha, kisha zitaisindikiza mlangoni;
zile zilizoasi zitaing'ang'ania kwa uchoyo.
Subira ya dawa hii haivuti heri.
Inavuta mwanga.

Na mwanga ndio kazi yangu.
Si mwanga yule arukaye na ungo usiku wa manane,
bali huu wa kupimwa kwa wati, wa kuandikwa daftarini.

Siku ya tatu tulishuka na uzi wa kioo
puani, kooni, hadi kitawi cha pafu la kushoto.
Kwanza tukamulika buluu, nguvu kidogo, kwa kutazama tu.
Kwenye skrini nyama yote ilibaki kijani kilichopoa
isipokuwa pale:
kaa dogo jekundu, ukubwa wa punje ya mahindi,
likijishtaki lenyewe.
Dakta Hjørdis hakusema neno. Aliligusa kwa ncha ya kalamu.

Kisha nyekundu. Nanomita mia sita na thelathini.
Sekunde mia tano.
Nilizihesabu, nikakumbuka somo la utotoni:
dakika nane na kitu,
ndio muda mwanga wa jua husafiri kutufikia.
Jua lenyewe halikuwapo, limezama tangu Novemba,
na sisi, ndani ya kifua cha mtu,
tulikuwa tunangoja muda uleule.
Hapakuwa na moshi wala cheche.
Alipozinduka alilalamika kwa sauti ya mkwaruzo:
"Kuchomelea gani huku kusikonuka?"

Sharti: wiki sita, jua lisimguse.
Kwingine ni kifungo. Hapa alicheka:
"Mmenikataza kisichokuwepo."
Lakini giza totoro nalo halifai, nilimweleza;
taa ndogo ya sebuleni, kila siku,
huifuta dawa ngozini polepole.
Mwanga mwingi utakuunguza, mchache utakuosha.
Sentensi hiyo aliitaka kwa maandishi.

Januari ishirini na moja jua likarudi,
ukingo tu juu ya mlima, dakika chache.
Mji ukamwagika barabarani,
watoto wa shule na maandazi ya jamu,
makarani bila kofia, mbwa wakishangaa vivuli vyao.
Yeye zilimbakia siku sita.
Akavaa koti na glavu za kazini,
akashusha usoni barakoa yake ya kuchomelea,
akafunua pazia upana wa vidole viwili.
"Nimeliona," akanipigia simu. "Ni la kijani."
Nikamgombeza.
Kisha nikamuuliza, kijani gani.

Leo ni siku ya arobaini na mbili.
Andazi aliloletewa na Solbjørg, jirani yake, limekwisha;
umebaki mfuko wa karatasi, una doa la siagi.
Nimeutoboa tundu la upana wa sarafu.
Mkono wake umo ndani, juu ya ukingo wa dirisha,
na jua changa linaingia tunduni,
linatua kwenye ngozi ya mzee, duara moja, basi.
Dakika kumi. Saa ninayo mimi.
Pafu tutalichungulia mwezi wa tatu.
Ngozi, kama ni ya kuwiva, itawiva kesho.

"Linachoma?"
"Linatekenya," anasema,
na mkono hautoi.